Mbunge wa jimbo au mbunge wa taifa: shida ya Lubumbashi tumpelekee nani?

Hapa Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga huku Kongo, tuna wabunge wa aina mbili, na wengi wetu tunawachanganya. Wote wanaitwa waheshimiwa. Wakati wa kampeni picha zao hubandikwa kwenye kuta zilezile za Katuba na Kampemba, na wote huja na tisheti, kikwembe na mfuko wa unga. Tarehe 20 Desemba 2023 tuliwachagua kwenye mashine moja, siku moja, pamoja na rais na mshauri wa komini (kata ya mji yenye utawala wake). Kura nne kwa mpigo. Ukimwuliza mtu kwa nini alimchagua rais fulani, atakueleza mpaka jua lizame. Mbunge wa taifa atakueleza kidogo. Ukifika kwa mbunge wa jimbo, utasikia ni jirani, ni shemeji, ni mtu wa kanisani, au ndiye aliyepita na unga wiki ile.

Nasema wazi tangu mwanzo: kwa maisha ya kila siku ya mtu wa hapa, kura ya mbunge wa jimbo ina uzito kuliko ya mbunge wa taifa, na ndiyo tunayoitupa ovyo. Lakini zipo shida ambazo mbunge wa jimbo hawezi kukusaidia hata akiwa mtu mwema namna gani, na ukimfuata kwa hizo unapoteza muda wako na wake. Basi tuwaweke wote wawili mezani.

Wanakaa wapi, na unaweza kuwaona lini

Mbunge wa taifa ni mmoja kati ya 500 wanaokaa Palais du Peuple, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Vikao vyao vya kawaida ni viwili kwa mwaka: tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati ya hapo ni likizo ya bunge, na ndipo wanaporudi kwa waliowachagua. Kumtafuta Lubumbashi mwezi wa Oktoba ni kuzungumza na mlinzi wa lango. Mtafute Januari, au Julai.

Mbunge wa jimbo anakaa hapahapa mjini, katika Jengo la 30 Juni. Mtu wa Kamalondo anafika pale kwa miguu. Mikutano ya wote ni ya wazi kwa wananchi, isipokuwa wakiamua kufunga milango kwa jambo fulani, lakini tofauti ni kwamba huu wa hapa unaweza kuuhudhuria bila tiketi ya ndege. Ni wachache mno wanaokwenda. Mbunge ambaye hajawahi kumwona mtu wa komini yake akiwa amekaa juu kwenye viti vya wageni, anamsikiliza, anazoea kusema anachotaka, au kutosema kabisa.

Nani anatuwekea liwali

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tukae kidogo.

Wewe na mimi hatumpigii kura liwali, yaani gavana, wa Haut-Katanga. Wanaompigia ni wabunge wa jimbo, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja, kisha rais wa nchi anamweka rasmi kwa amri yake. Jacques Kyabula Katwe aliingia kwa njia hiyo mwaka 2019 na akarudi kwa njia hiyo mwaka 2024. Yaani mtu anayeamua barabara ipi itiwe lami, waziri yupi wa jimbo ashike kazi za umma na yupi ashike migodi, anachaguliwa na ukumbi wa watu wasiofika hata hamsini. Hao hao ndio wanaochagua maseneta wanne wa jimbo wanaokwenda kukaa Kinshasa. Na si wote tuliowachagua sisi: katiba inaruhusu hadi sehemu moja ya kumi ya ukumbi iwe ya machifu wa kimila walioingizwa bila kura ya wananchi wote.

Sasa fikiria bei ya kura moja ndani ya ukumbi mdogo hivyo. Machi 2019, baada ya maseneta kuchaguliwa na mabunge ya majimbo, tuhuma za rushwa zilienea nchi nzima, hata serikali ikasimamisha kwa muda kuanza kazi kwa maseneta wapya na kuahirisha uchaguzi wa maliwali hadi Aprili. Mwananchi aliyempa mbunge kura yake kwa mfuko wa unga alikuwa amemkabidhi bidhaa ambayo mbunge huyo aliweza kuiuza kwa dola nyingi. Hilo linaniuma kuliko mengine yote katika siasa yetu, kwa sababu unga ule unaisha kwa bukari (ugali) ya siku chache na liwali anakaa miaka mitano.

Mbunge wa jimbo anaweza pia kumwondoa aliyemweka. Mwaka 2017 bunge la Haut-Katanga lilipiga kura ya kumwangusha liwali Jean-Claude Kazembe Musonda. Kabla ya kufika huko ana vyombo vingine vilivyo vidogo na vyenye nguvu: swali la maandishi kwa waziri wa jimbo, swali la mdomo mbele ya wote, kumwita aje kujieleza, tume ya uchunguzi. Mbunge wa taifa hana hata kimoja cha hivyo juu ya liwali wetu. Vyombo vyake anavielekeza kwa waziri mkuu na mawaziri wa Kinshasa.

Nguvu ya bunge la jimbo ina mpaka. Marekebisho ya katiba ya Januari 2011 yalimpa rais uwezo wa kulivunja, au kumwachisha liwali kazi, pale mgogoro wa kisiasa unapokuwa mkubwa na hauishi. Na ndugu zetu wa Goma wanajua jimbo lisilo na bunge linavyokuwa: Mei 2021, ilipotangazwa hali ya dharura ya kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, nafasi za maliwali na makamu wao zilichukuliwa na wanajeshi na polisi, na mabunge ya majimbo hayo mawili yakasimamishwa. Pesa za jimbo ziliendelea kukusanywa na kutumika bila mtu aliyechaguliwa na wananchi wa pale kumwuliza liwali swali.

Nani anashika pesa gani

Kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya mapato ya pango na kodi ya magari katiba imezipa majimbo. Hapa kwetu zinakusanywa na DRHKAT, idara ya mapato ya jimbo. Kisheria kodi hiyo ya mapato ya pango inamhusu mwenye nyumba, lakini mpangaji wa Bel-Air anaijua vizuri, kwa kuwa imeshahesabiwa ndani ya dola anazotoa kila mwezi. Kiasi gani kikusanywe na kiende wapi, hilo linapigiwa kura na mbunge wa jimbo, katika kikao cha Septemba ambacho ndicho cha bajeti.

Migodi je? Kanuni ya migodi kama ilivyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: 50 kwa mia serikali kuu, 25 kwa mia jimbo lenye mgodi, 15 kwa mia komini, sekta au usheferi ambamo mgodi umo, na 10 kwa mia mfuko wa vizazi vijavyo. Ukitaka kujua ile 25 ilifanya nini, swali ni la mbunge wa jimbo. Ukitaka kujua kwa nini mgawo ni huo na si mwingine, au ile 50 ilikwenda wapi, swali ni la mbunge wa taifa, maana kanuni yenyewe ni sheria ya nchi.

Halafu kuna ile 40 kwa mia. Kifungu 175 cha katiba kinasema 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na ikatwe palepale inapokusanywa. Haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Pesa hupanda Kinshasa kwanza, kisha hurudi kidogokidogo na kwa kuchelewa. Kila liwali amelitumia hilo kama jibu la kila swali, na mara nyingi ni kweli. Mbunge wa jimbo hawezi kulirekebisha. Anayepitisha bajeti ya taifa ndiye wa kubanwa, kwa hiyo kwa jambo hili moja mbunge wa taifa ana uzito mkubwa kuliko mwenzake, na ningependa kumwona kila mgombea wa kwenda bunge la Kinshasa akiulizwa juu ya kifungu 175 kabla ya kuulizwa kuhusu kitu kingine chochote.

Shida kwa shida

Umeme na maji. SNEL na REGIDESO ni kampuni za serikali kuu. Kartye (mtaa) nzima ikichangishana kununua kebo ya kabini ya umeme iliyoungua, kisha ikabaki gizani, wa kumwuliza waziri husika ni mbunge wa taifa. Mbunge wa jimbo anaweza kupiga simu na kuomba. Liwali naye anaweza kubana. Lakini hawana amri juu ya kampuni hizo. Mgombea wa jimbo anayeahidi umeme wa saa ishirini na nne anaahidi kitu kisicho mikononi mwake, na hiyo pekee inatosha kumpunguzia alama.

Barabara. Ile ya Kasumbalesa na ya Likasi ni barabara ya taifa namba 1, na mambo yake ni ya Kinshasa, hata kama liwali huonekana pale na kofia ya ujenzi. Barabara za kutoka mji hadi mji ndani ya jimbo zisizo za taifa, zile za kuleta mahindi, ni za jimbo, na hapo mbunge wa jimbo hana pa kujificha. Tunakula unga wa Zambia unaopitia Kasumbalesa ilhali jimbo lina ardhi ya kulima. Njia mbovu za ndani zimechangia. Njia ya ndani ya kartye, yenye shimo mbele ya nyumba yako, ni ya mji na komini, ila pesa kubwa ya kuitengeneza aghalabu hutoka kwa liwali. Kwa hiyo anza komini, halafu mpelekee nakala mbunge wa jimbo.

Shule. Hapa pamechanganyika. Katiba imeyapa majimbo shule za msingi na sekondari, yakifuata kanuni za nchi. Mwalimu, hata hivyo, analipwa kutoka Kinshasa, na elimu ya msingi ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni uamuzi wa serikali kuu. Mwalimu mpya ambaye hajaingizwa kwenye orodha ya malipo: mbunge wa taifa. Darasa lisilo na paa, au mkurugenzi anayewatoza wazazi wa shule ya msingi kinyume cha sheria: waziri wa elimu wa jimbo, kupitia mbunge wa jimbo.

Usalama. Polisi ni ya taifa. Wezi wakiingia kila usiku upande wa Annexe, mbunge wa jimbo hawezi kumwamrisha kamanda, wala mbunge wa taifa hawezi. Liwali ndiye anayewakilisha pia serikali kuu hapa na kukusanya wakuu wa usalama, na wanaoweza kumwita liwali ajieleze ni wabunge wa jimbo. Kwa hiyo njia iliyo fupi ni hiyo.

Kiwanja chenye wenye wawili. Kesi ikiwa mahakamani, waache wote wawili. Katiba inakataza wabunge kuamua kesi na serikali kumwamrisha hakimu. Mbunge anayekuambia atamalizana na hakimu ananunua kura yako kwa kitu kisichoruhusiwa.

Uchafu, mifereji iliyoziba kabla ya mvua ya Novemba, kodi ya meza katika soko la komini yetu ya Kenya, cheti cha kuzaliwa cha mtoto: hayo si ya yeyote kati yao. Nenda komini. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Na kumbuka tuna washauri wa komini, waliochaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii ile Desemba 2023, tena katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Kisheria hao ndio wa kumchagua mkuu wa komini, kazi ambayo kwa miaka mingi imefanywa kwa uteuzi wa kutoka juu.

Lango la mheshimiwa

Jumamosi asubuhi, mbele ya nyumba ya mbunge yeyote, wa jimbo au wa taifa, utawaona watu wamekaa kwenye ukuta. Huyu ameshika karatasi ya dawa, yule ana bili ya hospitali, mwingine anakusanya mchango wa msiba. Mama mmoja ana bahasha ya mtoto anayetafuta kazi. Sekretari anatoka: «Mama, mheshimiwa amesafiri, acha namba.» Mama anajibu: «Baba, namba niliacha juzi.»

Siwalaumu wanaokaa pale, maana mtoto akiugua unakwenda popote. Lakini mbunge akizoea kuhesabu kazi yake kwa bili alizolipa, hana sababu ya kuuliza kwa nini hospitali ya jimbo haina dawa. Na yule anayelipa bili nyingi lazima apate pesa mahali. Ukilinganisha wagombea wawili, mmoja anayejulikana kwa kulipia misiba na mwingine anayejulikana kwa maswali aliyomwandikia waziri, ninakuomba umchukue wa pili. Katika uchaguzi wa 2023 CENI, tume ya uchaguzi, ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa yakiwemo udanganyifu, rushwa na kushika mashine za kupigia kura. Baadhi yao walikuwa watu wenye vyeo vikubwa, na walikuwa na vya kugawa.

Ukiamua kumwandikia

Kifungu 27 cha katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya umma ombi lake, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa kwa kuandika. Haki hii haigharimu kitu zaidi ya karatasi.

Andikeni nakala mbili. Moja mnaiacha, nyingine sekretari anaitia muhuri na tarehe, mnarudi nayo. Bila muhuri barua yenu haikufika. Shefu wa avenyu atie sahihi kama anakubali, lakini msimsubiri akikataa. Barua iwe na jambo moja: mtaa upi, shule ipi, tangu lini, mnaomba aulizwe waziri gani. Mbunge akipokea barua yenye mambo kumi anachagua lililo jepesi. Akipokea yenye moja, tena ikiwa na sahihi za watu wa kartye nzima, anakuwa na swali la kwenda nalo ukumbini, na hata mbunge mvivu anapenda kusikika redioni akiuliza swali.

Muda nao una maana. Kama mnataka kitu kiingie katika bajeti ya jimbo ya mwaka ujao, barua ifike Agosti, kabla kikao cha Septemba hakijafunguliwa. Baada ya hapo namba zimeshapangwa.

Ukifika wakati wa kuchagua

Kwa mgombea wa taifa ningeuliza mambo matatu: atafanya nini juu ya 40 kwa mia, anajua nini kuhusu kanuni ya migodi, na je, atarudi hapa wakati wa likizo za bunge kueleza alichofanya. Kwa mgombea wa jimbo ninauliza moja kwanza: ukumbini utampa nani kura ya liwali, na kwa sababu gani? Akikwepa, ameshakujibu. Kisha aeleze barabara ipi ya jimbo anaijua kwa kuipita mwenyewe, na kama aliwahi kuwa ndani, aonyeshe swali hata moja alilouliza.

Kwa wote wawili, tazama majina ya wasaidizi. Kila mgombea ana watu wawili wa kuchukua nafasi yake, na tangu marekebisho ya 2011 mbunge akiitwa kuwa waziri, msaidizi wake anakaa kitini, kisha mwenyewe anarudi kazi ya uwaziri ikiisha. Ukikuta msaidizi wa kwanza ni mke na wa pili ni mtoto, ujue kiti kile kimeshapangwa kubaki nyumbani kwake, kura yako iende wapi iende. Ukikuta mwalimu wa Ruashi au mama mfanyabiashara anayejulikana sokoni, huyo mgombea alikubali kwamba kiti si mali yake. Majina hayo hutangazwa na CENI pamoja na orodha ya wagombea, kabla ya kampeni kuanza. Uchaguzi unaofuata, kwa hesabu ya katiba, ni mwisho wa mwaka 2028.